Mkono wa Pamba

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Pamba, na si kwa sababu ya mwili, maana alikuwa mwembamba mpaka suruali zote zilimkataa kiunoni. Walimwita hivyo kwa ajili ya mkono. Ukikaa kwenye kiti chake, akakuzungushia taulo shingoni na kukupaka povu, wembe ulipita kidevuni hujui kama umepita. Wapo waliosinzia. Wapo waliokoroma kabisa, na Pamba akawanyoa hivyo hivyo, akisema lile neno lake alilomwambia kila aliyekaza shingo: "Niachie. Niachie kichwa." Yaani legea, uzito nitaubeba mimi. Na watu walimwachia. Ukimwachia mtu koo lako, naye kashika wembe, ndugu yangu, umemwamini kuliko unavyowaamini wengi wa ukoo wako.

Sasa mtu wa namna hiyo akianza kuuogopa mkono wake mwenyewe, unaona balaa lilipo.

Mambo yalianza na darubini. Fundi Miwani, jirani yake wa duka la pili, anayekata vioo na kuvitia kwenye fremu, alikuwa nayo stoo miaka mingi, imelala kwenye sanduku, kila akipita anajigonga goti. Akachoka. Akamwambia Pamba aichukue tu, yeye atanyolewa bure mpaka nywele zimwishe, na hazikuwa nyingi. Pamba tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama juu. Umeme ukikatika, wenzake wanalaani, yeye anatoka nje kuangalia nyota. Akaibeba darubini yake mpaka kwenye paa la zege la nyumba waliyopanga, kule kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, akahangaika nayo kama bwana harusi.

Usidhani ni ile ya kuning'iniza shingoni. Ilikuwa bomba jeupe, refu kama mguu wa mtu mzima, lililokaa juu ya miguu mitatu ya chuma. Chini ya bomba palikuwa na shingo inayozunguka, na upande wa pili wa shingo ilitoka fimbo yenye pande zito la chuma, ambalo Pamba aliliita jiwe. Kazi ya jiwe ni kushindana na bomba. Unalegeza skrubu ya shingo, unailaza fimbo, unasogeza jiwe mbele, nyuma, mbele tena kidogo, mpaka ukiachia, kitu kizima kinabaki pale pale ulipokiacha. Hapo unakaza. Kisha unageukia bomba lenyewe, unalisogeza ndani ya pete zake mpaka nalo lisiiname mbele wala nyuma. Na sharti uwe umeshatia kile kilenzi cha kutazamia, maana nacho kina uzito wake. Pamba alikiita kijicho. Mkewe alisema afadhali kijicho hicho, kuliko kile cha majirani.

Mkewe huyo alikuwa nesi kwenye kliniki ya watoto. Watu walimwita Sista, mama wa maneno machache na kicheko kikubwa, na nyumbani ndiye aliyekuwa akili ya nyumba. Mtoto wao mmoja, binti, alishaolewa mbali, kwa hiyo walibaki wawili na redio.

Siku ya kwanza alipofanikiwa ilikuwa alasiri, nusu mwezi umesimama juu mweupe, jua bado lipo. Pamba aliweka jicho kwenye kijicho, akaona mashimo ya mwezi na vivuli vyake, akasahau hata kupumua. Mwezi ukaanza kumkimbia pembeni. Akaweka mkono kwenye bomba ili alisogeze, na mwezi ukatetemeka. Haukuyumba. Ulitetemeka, kama uji unaotaka kuchemka. Akatoa mkono, ukatulia. Akarudisha mkono, ukatetemeka. Alirudia hivyo mara kadhaa, mpaka akashusha mkono na kuutia mfukoni.

Kwa nini aogope kitu kidogo hivyo? Kwa sababu alikuwa na kisa kichwani. Mzee aliyemfundisha kazi, kinyozi hasa, naye mkono ulianza kumtetemeka kidogo kidogo, mtu haoni. Mzee akaficha. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu aliumbuliwa na sikio la mteja alilolikata. Kufika jioni mtaa mzima unajua, na kufika mwisho wa mwaka mzee anafagia nywele katika duka alilolifungua yeye mwenyewe, vijana wakinyoa, wakimwambia, "Mzee, inua mguu kidogo." Pamba alikuwa mmoja wa vijana hao. Hakulisahau lile fagio lilivyokuwa likicheza mikononi mwa mzee.

Kwanza akaisingizia darubini. Alijiambia haijakaa sawa, uzito haujalingana. Kila akitoka kazini, kabla hajala, anapanda juu, analegeza, analaza fimbo, anasogeza jiwe upana wa ukucha, anaachia, anakaza. Kitu kinasimama wima, hakisemi neno. Anaweka jicho, anaweka mkono, mwezi huo unatetemeka. Anaanza upya. Majirani walioanika nguo walimwona wakadhani anajenga antena.

Halafu woga ukateremka naye ngazi, ukaenda naye dukani. Pale palikuwa na kioo ukuta mzima, na mtu anayejiogopa hatakiwi kufanya kazi mbele ya kioo. Wateja wakiisha, anaunyoosha mkono na kuutazama. Na wewe jaribu: nyoosha mkono, utazame vizuri vidole, ukiwa na hofu kwamba vitatetemeka. Vitatetemeka tu. Pamba akaona, akasema basi, ndiyo yenyewe. Akaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Akaacha kupokea chenji kwa mkono wa kulia, eti una maumivu ya bega.

Nyumbani ndiyo usiseme. Sista akikaa tu, Pamba ananyoosha mkono mbele yake.

"Hebu nitazamie. Unatetemeka?"

"Mbona umetulia."

"Tazama vizuri. Kidole hiki cha mwisho."

"Umetulia, baba. Kula."

"Unanifariji tu wewe."

Mezani, kitandani, mlangoni wakati mwenzake anavaa viatu aende kazini, mkono uko hewani unasubiri kutazamwa. Alimuuliza dalili za ugonjwa wa kutetemeka, akajibiwa. Alimuuliza tena. Nesi mzima alifikia mahali anaigeuzia redio uso.

Siku moja akaja Dereva, mteja wake wa miaka, anayeendesha lori la saruji. Alikuwa anakwenda kwa wakwe jioni hiyo, akataka kunyolewa ndevu kwa wembe, kidevu king'ae. Pamba akasema nyembe zimeisha. Dereva hakubishana. Alitoka, akavuka barabara, akarudi na pakiti ya nyembe, akaiweka mezani, akajitupa kitini na kufumba macho. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Pamba akapaka povu, polepole, akiomba povu lisiishe. Akafungua wembe. Dereva alikuwa ameshainua kidevu, na pale shingoni mshipa unapiga, unaonekana kabisa, tup, tup. Mkono wa Pamba ukakauka. Aliubana wembe kwa nguvu asizowahi kuutilia maishani, na mkono unaobana hivyo hauwezi kuwa mwepesi hata ungekuwa wa malaika. Akapitisha mara moja. Mara ya pili likatoka tone la damu, dogo kama mbegu ya ufuta. Dereva hata hakulisikia, alikuwa keshaanza kusinzia. Pamba alilitazama lile tone likikua ndani ya povu. Akaweka wembe chini, akasema sabuni imemwingia machoni, akamalizia kazi kwa mashine. Dereva akajitazama kwenye kioo, upande mmoja unang'aa, upande mwingine kama shamba lililofyekwa na mlevi.

"Pamba siku hizi umekuwa pamba kweli," akasema, akaondoka hajacheka.

Tangu siku hiyo wembe haukushikwa tena dukani. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, nao wateja wa ndevu wakakimbia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye mkono wake mzito kama wa muuza mkaa, lakini angalau ananyoa. Usiku Pamba alilala chali, mkono kifuani, akiusikiliza.

Aliamua darubini ndiyo itakayotoa hukumu. Kama ataisawazisha mpaka isiwe na kosa hata la punje, na mwezi ukaendelea kutetemeka, basi atafunga duka kabla hajamchinja mtu. Safari hii alitaka msaidizi, akamwita Sista apande amshikie bomba. Sista akapanda. Alilishika bomba kwa mikono miwili na kulikumbatia kidogo, mumewe akainama kulegeza skrubu ya pete. Skrubu ilikuwa ngumu. Sista akanyoosha mkono mmoja amsaidie.

"Niachie," akasema Pamba.

Sista akaachia. Bomba likateleza ndani ya pete, likainama kwa kishindo, mdomo wake ukagonga mguu wa chuma, na Pamba akalidaka likiwa limeshafika.

"Mbona umeachia?"

"Si umesema nikuachie?"

"Nilisema skrubu uniachie mimi. Sikusema uachie bomba."

Wakatazamana, wakacheka, maana neno hilo moja alilolisema maisha yake yote, na watu wote wakamwelewa, limekuja kumshinda mkewe. Lakini kicheko cha Pamba kilikatika upesi. Alikuwa amechelewa kudaka. Zamani mkono huu ulidaka chupa ya spiriti kabla haijagusa sakafu. Hilo nalo akaliweka kwenye ushahidi dhidi yake. Sista alikuwa ameshafunga mikono ndani ya kanga, akasema ngazi zinamuumiza magoti, hatapanda tena, akateremka.

Ikabidi amwite Fundi Miwani mwenyewe. Fundi alikuja siku ya mapumziko, alasiri, nusu mwezi uko juu tena, akapanda akihema na kulalamika kwamba watu wenye akili hukaa ghorofa ya chini. Akalegeza skrubu ya shingo, akasukuma fimbo kwa kidole kimoja, ikaenda, ikasimama alipoiacha. Akasukuma bomba, likasimama. Akainua nyusi.

"Hii mimi mwenyewe nisingeiweka hivi. Sasa unalia nini?"

Pamba alichungulia ngazi kwanza. Hakuwa amemwambia mtu mwingine isipokuwa mkewe. "Nikishika, mwezi unatetemeka."

"Ukishika wapi?"

"Hapo kwenye bomba. Ninapotazama."

Fundi Miwani akaketi juu ya ndoo akacheka mpaka akavua miwani. "We bwana, nani alikwambia ushike? Darubini haishikwi. Unasogeza, unatoa mkono, unasubiri itulie, ndipo unatazama. Hicho kijicho kinakuza kila kitu. Kinakuza mwezi, kinakuza na mkono, kinakuza hata pumzi yako. Hakuna mtu aliye hai ambaye mkono wake hauchezi humo."

"Hata wako?"

"Weka jicho."

Pamba akaweka jicho. Fundi akagusa bomba. Mwezi ukatetemeka, vile vile, uji ule ule. Akatoa mkono, ukatulia. Pamba akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena, mpaka Fundi akauliza kama amegeuka kengele ya mlango.

Pamba alikaa chini pale pale kwenye zege la moto. Miezi yote ile. Ndevu zote zile alizozikimbia, Dereva, bega la uongo, usiku wa kuusikiliza mkono kama mgonjwa wa chumba cha pili. Kumbe mkono ulikuwa mzima, mwenye kuumwa ni yeye. Alitaka kulia, akacheka, vikamtoka vyote viwili. Fundi Miwani, ambaye hajui kukaa na mtu anayelia, akasema anawahi nyumbani, akateremka akijiongelesha.

Sasa furaha ina ubaya wake, haiwezi kukaa peke yake. Pamba akaenda kwenye ngazi, akaita. "Mama! Njoo uone."

"Magoti," Sista akajibu kutoka chini.

"Njoo. Ni habari njema, nakuapia. Leo nikikusumbua tena na mkono huu, unikate."

Akapanda, taratibu, mikono ndani ya kanga. Pamba alimweleza yote kwa mkupuo, maneno yakikanyagana: darubini, kukuza, Fundi, mkono mzima, hakuna mtu asiyetetemeka. Sista alisikiliza, uso wake ukalegea, akatabasamu kabisa. Akasema kesho afungue duka mapema, amnyoe Dereva bure na kumwomba radhi.

"Lakini kwanza weka na wewe," akasema Pamba. "Tuone wako."

"Wangu wa nini? Si umeshapona."

"Weka tu. Nicheke na wako."

"Nina kazi jikoni."

"Kidole kimoja, mama. Usiogope, ni mwezi tu, haung'ati."

Alikuwa ameshainama, jicho liko kwenye kijicho, mwezi umetulia katikati na mashimo yake yote. Hakumwona mkewe alivyosimama muda mrefu akiitazama kanga yake kabla ya kutoa mkono. Alichoona ni mwezi kuruka. Ulikwenda mpaka ukingoni, ukarudi, ukaenda, ukatoka nje kabisa akabaki na samawati tupu.

"Usisukume."

"Sijasukuma."

Akautafuta tena, akauweka katikati. "Haya, gusa tu, kama unamgusa mtoto."

Mwezi ukaruka tena. Haukuwa ule mtetemo wa uji, wa Fundi na wa kwake. Huu ulikuwa na mapigo, huku na huku, huku na huku, haupumziki. Na kwa kuwa alikuwa ameinama karibu, alisikia na sauti: pete ya ndoa ya mkewe ikigonga bomba la chuma, tititi, tititi. Pamba hakuinua kichwa. Alibaki ameinama vile vile akitazama samawati tupu, na ule woga aliodhani ameagana nao ukarudi, mkubwa kuliko wa siku zote.

"Vipi?" akauliza Sista. "Unatetemeka?"

"Kidogo. Kama wangu tu."

"Usinidanganye. Mimi ni nesi."

Akainuka. Mkono ulikuwa bado kwenye bomba, wazi, juani, nao ukicheza peke yake kama si wa mtu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nilikuwa nachoma sindano, nikakosa. Nikamkosa na mwingine. Mama yake akanitazama. Kesho yake nikaomba wanipeleke kwenye chumba cha mizani, kupima watoto uzito."

"Uliniambia umepandishwa cheo."

"Wewe ndiye uliyesema nimepandishwa. Mimi nilisema nimehamishwa."

"Umemwona daktari?"

"Naogopa," akasema Sista. Katika miaka yao yote pamoja Pamba hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu? Mwaka mzima?"

Sista hakukasirika. Alisema polepole, kama anavyowaeleza akina mama pale kliniki. "Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo, wewe umeshaninyooshea wako nikutazamie."

Pamba akamsogelea. Akautoa mkono wa mkewe kwenye bomba, akaufumbata ndani ya mikono yake miwili, akaubana, akaubana zaidi. Ya kwake ilikuwa imetulia tuli. Ule wa ndani haukutulia.